Kamba ya Ulimi: Ni Nani Aifungue?

Somo hili limetayarishwa na sisi mashemasi ili lisomwe katika familia na katika vikundi vya wamama na wababa. Mbele ya kuanza, someni Marko 7:31-37, Kutoka 4:10-16 na 2 Wafalme 20:1-7.



Mtoto anazaliwa vizuri, analia kwa nguvu, lakini akiwekwa kwenye ziwa anashika kidogo, anateleza, analia tena. Siku ya tatu mama ana vidonda kwenye chuchu. Siku ya tano mtoto amekonda. Hapo nyumba inajaa watu, na kila mtu ana neno lake. Bibi anasema ulimi umefungwa, aitwe mzee mwenye wembe. Jirani anasema ni kilimi kimeshuka. Mwingine anasema ni mkono wa mulozi. Na mmoja wetu wa kanisa anasema tufunge siku tatu, tusikie Mungu atasema nini. Wote hao wanampenda mtoto. Lakini katika kelele hiyo mtoto anabaki na njaa, na mtoto mchanga hana akiba ya siku nyingi.

Ndiyo sababu tumeona vema tufundishane juu ya kamba ya ulimi: ni nini, inazuia nini, inafunguliwa wakati gani, na kwa mkono wa nani. Na kwa sababu wembe ukishaingia kinywani hautafuti kamba hiyo peke yake, tutasema pia juu ya kilimi na juu ya meno.

1. Kamba hii ni kitu gani

Kila mtu anayo. Simama mbele ya kioo, inua ulimi wako juu, utaona utando mwembamba unaoshika upande wa chini wa ulimi na kuuunganisha na sakafu ya kinywa. Wauguzi waliosomea Kifaransa wanaiita frein, jina lile lile la breki ya pikipiki.

Mtoto anapoumbwa tumboni, ulimi wake mwanzoni umeshikana na sakafu ya kinywa. Kisha unaachana nayo polepole, na kamba hiyo inabaki kama alama ya pale uliposhikana. Kwa watoto wengine inabaki fupi, au nene, au inafika mpaka karibu na ncha ya ulimi. Wataalamu waliohesabu watoto wa namna hiyo wanapata kati ya 4 na 10 katika kila watoto 100, kufuatana na namna wanavyopima. Wavulana ni wengi kuliko wasichana, na mara nyingi jambo hilo linafuata ukoo: baba alizaliwa nayo, sasa mtoto anayo.

Basi tushike neno la kwanza. Hakuna mulozi aliyefunga ulimi wa mtoto usiku. Mama hakula kitu kibaya, wala hakuvuka mwiko. Yule anayemnyoshea mama mkwe kidole, au mke mwenzake, kwa ajili ya utando ulioumbwa tumboni, anavunja jamaa bure na mtoto hapati hata tone moja la maziwa.

Tushike na neno la pili. Kuwa na kamba fupi si ugonjwa. Wako wengi walioishi nayo, wakanyonya, wakasema, wakaimba katika kwaya, wakazeeka. Mwaka 2024 chama cha waganga wa watoto cha Marekani kilitoa waraka juu ya jambo hili, kwa sababu kule kamba zilikuwa zinakatwa nyingi mno. Waraka huo unasema kwamba katika watoto wenye kamba fupi, chini ya nusu ndio wanaopata shida ya kunyonya. Kwa hiyo swali letu lisiwe tu «Je, kamba ni fupi?» Swali liwe «Je, mtoto anashiba?»

2. Mtoto hanyonyi vizuri: tutazame nini

Methali inasema mtoto akililia wembe, mpe. Lakini mtoto mchanga hakulilia wembe; alililia ziwa. Kwa hiyo tuanze na ziwa.

Kwanza, namna ya kumweka. Tumbo la mtoto liguse tumbo la mama, shingo yake isigeuke upande. Angoje mpaka afungue kinywa sana, ndipo aletwe kwenye ziwa, ashike si chuchu tu bali na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, na kidevu chake kiguse ziwa. Mama wa mtoto wa kwanza hajui mambo haya kwa kuzaliwa; anafundishwa. Mara nyingi shida inaisha hapo, bila kisu cho chote.

Pili, alama za kushiba. Mtoto mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa usiku na mchana. Kuanzia siku ya 5 anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku. Siku za kwanza kilo zake zinashuka kidogo, lakini yapata wiki 2 awe amerudia uzito wa kuzaliwa. Ndiyo sababu tunawaambia wamama: kadi ya mtoto ibebwe, mtoto apimwe kwenye kituo cha afya. Mizani haina upendeleo.

Tatu, alama za kamba inayozuia. Mtoto akilia, tazama ulimi. Kama ncha haivuki ufizi wa chini, au haiinuki, au inajikunja katikati ikafanana na umbo la moyo, kamba inavuta. Mtoto anashika na kuachia mara kwa mara, anatoa sauti ya kubofya, ananyonya muda mrefu na bado ana njaa. Chuchu ya mama inatoka imebanwa, ina nyufa, na ziwa linabaki limejaa mpaka linauma. Alama hizi zikikutana, na mtoto amekwisha kuwekwa vizuri, kuna sababu ya kumwonyesha mganga.

Nne, hatari isiyongoja. Mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 akashindwa, taya likakaza, mwili ukakakamaa akiguswa: huyo si wa kamba. Hiyo inaweza kuwa pepopunda, nayo inaua. Vile vile mtoto mwenye degedege, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mwenye mwili wa moto au wa baridi mno, au aliyelegea hataki kuamka. Huyo hapelekwi kwa mzee, wala haletwi kwanza kanisani. Anapelekwa hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, na sisi tutaomba tukitembea.

Na wakati wote wa kutafuta shida iko wapi, mtoto alishwe. Mama anawe mikono, akamue maziwa yake mara 8 au zaidi kwa siku ndani ya kikombe kilichochemshwa, ampe mtoto kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko. Chupa yenye chuchu ya mpira ni ngumu kusafisha, nayo inaleta kuhara. Hata mtoto ambaye ulimi wake umefungwa kabisa anaweza kuishi kwa maziwa ya mama yake yaliyokamuliwa. Jambo hili ni dogo, lakini ndilo linaloshika uhai wakati njia ya hospitali imefungwa.

3. Masikio mbele ya ulimi

Sasa tutoke kwa mtoto mchanga, tuende kwa mtoto mkubwa kidogo. Ana miaka mitatu, hasemi. Watu wanasema «ulimi wake mzito, akatwe kamba.»

Tuangalie utaratibu wa Bwana katika Marko 7. Walimletea mtu aliyekuwa na mambo mawili: hasikii, na anasema kwa shida. Bwana hakuanza na ulimi. Alimtenga na watu, akatia vidole masikioni, halafu akagusa ulimi. Na mwandishi anapotaja uponyaji, anataja masikio kwanza, kisha ulimi. Sisi hatugeuzi Injili kuwa kitabu cha udaktari, lakini utaratibu huo una hekima kubwa: asiyesikia neno atalisemaje?

Kamba fupi ni mara chache sana imzuie mtoto kusema kabisa. Inaweza kuharibu sauti chache zinazotaka ncha ya ulimi ipande juu. Lakini mtoto asiyesema hata neno moja, tuulize masikio yake kwanza. Simama nyuma yake asikuone, muite kwa sauti ndogo, piga makofi. Je, anageuka? Huku kwetu mambo mengi yanaua masikio ya watoto: usaha wa muda mrefu ndani ya sikio, homa ya uti wa mgongo, surua, malaria inayopanda kichwani, na hata dawa ya kwinini ikizidi kipimo. Mtoto wa mwaka mmoja awe na neno moja au mawili. Wa miaka miwili aunganishe maneno mawili. Asipofanya hivyo, aonyeshwe mganga, apimwe masikio. Ukikata kamba ya mtoto kiziwi, umemtia kidonda na umepoteza mwaka mwingine.

Na tuseme jambo lingine linalochekesha lakini ni la kweli. Wako wanaotaka mtoto akatwe kwa sababu anachanganya r na l. Ndugu zangu, tukianza kukata kwa sababu hiyo, nusu ya waumini watakatwa! Wengi wetu tulijifunza Kiswahili juu ya lugha za mababu, na lugha hizo zina desturi zao za r na l. Hiyo ni lugha ya nyumbani. Kamba ya ulimi haimo.

Watu wa zamani waliona mambo haya pia. Celsus, Mroma aliyeandika juu ya uganga katika karne ya kwanza, alieleza namna ya kuufungua ulimi uliofungwa tangu kuzaliwa. Akasema wengi walipona wakasema, lakini alimjua mmoja ambaye ulimi wake baada ya kukatwa uliweza kutoka mbele ya meno, na bado hakuweza kusema. Basi yapata miaka 2000 imepita tangu watu wajue kwamba kufungua kamba na kufungua usemi ni mambo mawili.

Na Musa je? Katika Kutoka 4 alilia mbele ya Mungu kwamba kinywa chake ni kizito. Mungu hakumwambia atafute wa kumkata. Alimpa ndugu yake Haruni awe msemaji, na Musa mwenye kinywa kizito ndiye aliyeongoza taifa. Mtoto wa kigugumizi asichekwe katika shule yetu ya Jumapili, wala asinyimwe kusoma Neno mbele ya wengine.

4. Kazi yenyewe inafanywa namna gani

Tuseme mganga amemtazama mtoto mchanga, ameona kamba inazuia, mama ameelekezwa namna ya kunyonyesha na bado mtoto hashibi. Hapo kukata kunafaa. Tueleze, kwa sababu mtu akijua hapigwi na hofu.

Mtoto anafungwa ndani ya kikwembe mikono isichezecheze, na mtu anashika kichwa chake. Mganga anavaa glavu safi. Anainua ulimi kwa kidole au kwa kijiko cha chuma chenye ufa katikati, ili kamba ionekane na ulimi ulindwe. Kwa mkasi mdogo wa ncha butu, uliosafishwa kwa mvuke wa moto, anakata sehemu nyembamba ile nyeupe tu. Yote yanachukua sekunde chache. Damu inatoka matone machache. Inagandamizwa kwa kitambaa safi cha hospitali, na mtoto anawekwa kwenye ziwa mara moja. Kunyonya kunasaidia kukomesha damu na kunamtuliza.

Kwa mtoto mkubwa au mtu mzima, au kamba ikiwa nene, kazi inabadilika. Inatakiwa sindano ya ganzi au usingizi, na mara nyingine nyuzi za kushona. Hiyo ni kazi ya mganga wa upasuaji au wa meno, katika hospitali.

Siku zinazofuata, mahali palipokatwa panakuwa na kidonda cheupe au cha manjano. Wamama wengi wanaogopa wakidhani ni usaha. Si usaha, ndivyo kinywa kinavyopona, na kwa wiki 1 au 2 kinaisha. Msitie chumvi, wala majivu, wala majani yaliyotwangwa, wala dawa ya meno. Maziwa ya mama yanatosha. Lakini damu isipokoma baada ya kugandamizwa, au mtoto akipata homa, au akikataa kunyonya, arudishwe upesi.

Mbona basi tunakataa wembe wa mzee, ikiwa kazi yenyewe ni ndogo hivyo? Kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni mahali. Pembeni ya kamba hiyo kuna mishipa ya damu na vijitundu vya mate. Wembe ukienda ndani kidogo tu, damu haikomi, na mzee hana cha kushonea.

Sababu ya pili ni chombo. Wembe uliokata watoto wanne asubuhi unabeba damu ya wanne hao. Unaweza kupeleka ukimwi, ugonjwa wa ini na pepopunda kwa mtoto wa tano. Kuupangusa kwenye shati hakuufanyi safi.

Sababu ya tatu ni damu ya mtoto mwenyewe. Mtoto anapozaliwa hana vitamini K ya kutosha, nayo ndiyo inayosaidia damu kuganda. Shirika la Afya Duniani linaagiza kila mtoto apewe sindano ya miligramu 1 baada ya kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, au porini wakati wa kukimbia vita, huenda hakuipata. Mganga mwenye mafundisho anauliza jambo hilo mbele ya kukata, na anauliza kama katika ukoo kuna watu wanaotoka damu bila kukoma. Mzee mwenye wembe haulizi.

Na si kila muuguzi amefundishwa kazi hii. Muulize bila aibu: umekwisha kuifanya? Vyombo vimesafishwa? Muuguzi mwema hachukizwi na swali hilo. Akisema hajui, akupe barua ya kwenda mbele. Huyo amefanya kazi yake vizuri.

5. Visu viwili visivyo na sababu yo yote

Kamba ya ulimi mara nyingine inafaa kukatwa. Haya mawili yanayofuata hayafai kamwe kufanywa nyumbani, na mengi ya mauti yako hapa.

La kwanza ni kukata kilimi, ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma kooni. Desturi hii iko katika nchi nyingi za Afrika. Tanzania wanaita kukata kimeo. Mtoto anakohoa, anatapika au hanyonyi, watu wanasema kilimi kimekuwa kirefu. Lakini kilimi ni kiungo chenye kazi: kinasaidia chakula na maji yasipande puani, na kinasaidia sauti. Kikohozi kinatoka kifuani au puani. Mtoto mwenye nimonia anayekatwa kilimi anapata magonjwa mawili mahali pa moja: nimonia yake inaendelea, na kooni ana jeraha linalotoa damu anayoimeza bila watu kuona.

La pili ni kung'oa yale wanayoita meno ya uongo. Uganda wanayaita ebinyo, Tanzania wanayaita meno ya plastiki au ya nailoni. Mtoto wa miezi michache anahara na ana homa. Mtu anafungua kinywa, anaona ufizi umevimba weupe mahali pa chonge, anasema «ndiyo haya, yana wadudu.» Anachimba kwa msumari, kwa kisu au kwa waya wa tairi la baisikeli, anatoa kitu laini cheupe na kuwaonyesha wazazi. Wazazi wanaamini, kwa sababu wameona kwa macho yao. Lakini kile walichoona si mdudu. Ni jino la mtoto lenyewe ambalo lilikuwa halijakomaa. Mwaka 1969 mtaalamu wa meno kutoka Denmark, Pindborg, aliandika juu ya desturi hiyo kati ya Waacholi wa Uganda, na tangu hapo waganga wa nchi nyingi za Afrika Mashariki wameiandika tena na tena. Mtoto anayepona anakosa chonge, na mara nyingi hata jino la ukubwani linaota limeharibika, kwa sababu mbegu yake ilikuwa karibu.

Na kuhara kwenyewe? Kuhara kunatibiwa kwa maji. Mtoto aendelee kunyonya zaidi kuliko kawaida, apewe serumu ya kunywa ya kituo cha afya, pamoja na zinki kwa siku 10 mpaka 14. Kama paketi hakuna na kituo ni mbali, pima lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visirundikwe. Umpe kidogo kidogo wakati mnaelekea kituoni. Chumvi isizidi, maana inaweza kumdhuru.

6. Neno la nabii na kitambaa cha tini

Sisi ni kanisa la maombi. Tunaamini Mungu anasema na watu wake, na tunaamini anaponya. Wengine wetu watauliza: kumpeleka mtoto kwa mganga si kupungua kwa imani?

Tusome 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa. Aliomba akalia, na Mungu akamtuma nabii Isaya na ahadi ya kwamba atapona. Ahadi ilitoka kinywani mwa nabii wa kweli. Na nabii huyo huyo, baada ya ahadi, aliagiza tini zitwangwe ziwekwe juu ya jipu. Kama Isaya hakuona aibu kuagiza dawa baada ya unabii, sisi ni nani tuone aibu?

Kwa hiyo tunawaomba wenye karama katika kanisa letu mambo matatu, na tunawaomba kwa heshima.

Kwanza, neno lo lote la maono juu ya mtoto mgonjwa lisitaje jina la mtu kwamba ndiye mulozi. Nchi yetu imemwaga damu ya kutosha.

Pili, mtoto mchanga hafungi. Tufunge sisi wakubwa. Yeye alishwe kila baada ya saa mbili au tatu. Na mama anayenyonyesha asifunge kavu, maana maziwa yanataka maji.

Tatu, asiwepo mtu wa kukata mtoto katika uwanja wa kanisa, hata akisema ametumwa kwa ndoto. Mikono ya kuombea iombee, na mikono iliyofundishwa kukata ikate. Mungu ndiye aliyeigawa kazi hiyo.

7. Sisi wa Pinga tufanye nini

Tunajua mahali tunapoishi. Pinga iko mpakani mwa Masisi na Walikale, na njia ya kwenda Goma kwa Mweso, Kitshanga na Sake ni ndefu, ina matope, na vita inaifunga mara nyingi. Tunakumbuka mwaka 2013 Madaktari Wasio na Mipaka walipolazimika kuondoka hapa kwa sababu ya vitisho. Siku ile tulijifunza kwamba mlango wa hospitali unaweza kufungwa, na anayeumia kwanza ni mtoto mdogo. Kwa hiyo mlango ukiwa wazi, tuutumie, na wauguzi wanaobaki nasi tuwalinde kama watoto wetu.

Haya ndiyo tunayoweza kufanya bila kungoja mtu wa kutoka mbali.

Wamama wawili wenye uzoefu katika kila kikundi wamtembelee kila mzazi mpya mara mbili katika wiki ya kwanza: siku ya pili na siku ya tano. Wakae naye mtoto akinyonya, watazame, wamsaidie kuweka, waulize amekojoa mara ngapi. Wasiende mikono mitupu; sombe na ndizi kidogo ni mahubiri pia.

Wababa wasiseme hiyo ni kazi ya wanawake. Baba ndiye anayetoa ruhusa ya safari na pesa ya pikipiki. Ukimwambia mkeo «tungoje soko la wiki ijayo», umemwambia mtoto angoje, naye hawezi.

Mfuko wa wagonjwa utoe kwanza kwa mtoto asiyenyonya. Na vijana wetu wenye nguvu wawe tayari na tipoyi pale pikipiki haipiti.

Na wale wazee wanaokata? Tusiwatukane. Wengi wao walipokea kazi hiyo kwa wazazi wao, siku ambazo hospitali haikuwako, na hawakuwa na nia ya kuua. Tuwaendee kwa upole, tuwaeleze juu ya damu na juu ya wembe, tuwaombe wawe wa kwanza kusema «mtoto huyu apelekwe kituoni.» Mzee anayesikilizwa na kijiji akisema neno hilo, ataokoa wengi kuliko sisi mashemasi.

Neno la kushika

Mtoto alishwe kwanza, kamba ifuate. Masikio yapimwe mbele ya ulimi. Kamba inayozuia ikatwe na mkono uliofundishwa, kwa mkasi safi. Kilimi na meno yaachwe mahali Mungu alipoyaweka. Na maombi yafuatane na mtoto njiani, yasimfungie njia.

Maswali ya kikundi

1. Kwa nini kuwa na kamba fupi si sawa na kuwa mgonjwa? Ni alama zipi zinazoonyesha kwamba mtoto anashiba?

2. Katika Marko 7, Bwana alianza na nini? Hilo linatufundisha nini juu ya mtoto asiyesema?

3. Taja sababu tatu za kukataa wembe wa nyumbani.

4. Jirani yako anataka kumng'olea mtoto meno kwa sababu anahara. Utamwambia nini, na utamsaidia kwa kitu gani leo hii?

5. Katika kikundi chenu, ni wamama gani wawili watakaomtembelea mzazi mpya? Andikeni majina yao, mwalete kwa shemasi Jumapili.

Bwana aliyefungua masikio na ulimi wa mtu yule pale Dekapoli atufungue na sisi: masikio yasikie mtoto anapolia kwa njaa, na miguu iamke mapema. Amina.